Hesabu ya Kwaya Pale Kilima Bendera

Inspekta Patrobas Mulama alikuwa na udhaifu mmoja ambao wenzake kituoni walimchekea: akishamtia mtu ndani, chakula humshinda. Jumanne hiyo mchana aliwekewa sahani ya githeri mezani, akaitazama kama mtu anayetazama mzigo wa jirani, kisha akaibeba mwenyewe mpaka mlango wa seli na kumpitishia Magan, dereva wa basi.

"Kula, mzee."

"Nilikwambia sina njaa, Afande. Nilikwambia mambo mengi, hata yale ambayo hukuyataka."

Magan alikuwa ndani tangu jana. Kesi yake ilikuwa nyepesi kueleza, na labda ndiyo sababu Mulama aliipenda upesi. Kwaya ya kanisa moja la Ziwani ilikodi basi lake iende kuimba Voi. Jumapili baada ya ibada, kwa kuwa mtu wa Nairobi hawezi kwenda mbali akarudi bila picha, walipanda Kilima Bendera kuzuru ngome ya kale, ile ya Waingereza wakati wa vita vya Mjerumani. Jioni wakashika njia ya kurudi, wakapumzika Mtito Andei kunywa chai, wakaendelea. Basi lilipofika Ziwani likawa limepungukiwa na mtu mmoja: Simiyu, fundi wa mitambo katika kiwanda cha misumari huko Industrial Area, mwimbaji wa sauti ya tatu, na mchumba wa Waithera, binti wa mwalimu wa kwaya.

Mwalimu aliapa kwamba walipoondoka kilimani aliwahesabu wakawa kamili. Mtito Andei hakuna aliyehesabu. Kwa hiyo Simiyu alipotelea Mtito, aliyekanyaga mafuta ni dereva, na dereva kesho asubuhi angesimama kortini. Huko Mtito nako, askari walikuwa wakipekua vichaka ambamo simba hupita bila kubisha hodi.

"Hebu rudia lile moja," Mulama alisema. "Lile la ngoma."

Magan aliiweka sahani chini. "Simiyu ni mtu mkubwa. Kwenda, alikalia kile kiti cha kukunja, kule nyuma kabisa, katikati ya njia. Kwenye kioo namwona kama kabati. Tukiteremka ule mlima natazama kioo, kabati hakuna. Kuna ngoma. Ngoma imekaa kitini, imestarehe, imebaki kuagiza soda tu."

"Labda alihamia kiti kingine."

"Kiti kipi? Basi lilijaa, kila mtu na mahali pake. Mtu wa ukubwa ule akae wapi, ndani ya kofia yangu?"

"Na hukusema kitu?"

"Mwalimu alisema, 'Kamili, twende.' Mimi nikaenda. Na jana hayo yote nilikueleza, wallahi. Wewe ulikuwa unachokonoa uchafu kwenye kalamu."

Kalamu yenyewe ilikuwa mfukoni mwa shati la Mulama, safi sana.

Alimkuta Konstebo Nzembi ameegemea meza ya simu ya upepo. "Usitoke hapo," alimwambia, "hata ukiitwa na mamako mzazi. Na ulizia kama kule Kilima Bendera kuna askari wa karibu."

"Kilima Bendera? Mtu si alipotelea Mtito?"

"Ndivyo mimi nilivyoandika," Mulama alisema, akachukua kofia yake.

Ukumbi wa kanisa la Ziwani ulikuwa na watu wengi na sauti chache. Kwaya nzima ilikuwa pale tangu asubuhi, ikiomba. Wengine walikuwa bado na ile kofia ya makuti waliyonunua Voi, maana hakuna aliyekumbuka kuivua. Kwenye benchi la mbele Waithera alikuwa amelaza kichwa mapajani mwa rafiki yake Kageha, na Kageha alikuwa akimpapasa mgongo, huku macho yake yameganda kwenye tundu la ukuta. Huyu Kageha ndiye angemsimamia Waithera siku ya harusi. Alikuwa mwembamba kama ufito, lakini Mungu alipokuwa anagawa sauti alimpa ya mtu mwingine: nzito, ya kifua. Ukiongea naye kwa simu utamwita mzee.

Mwalimu Naftaly Njogu alikuja mbele na mkono ulionyooka. Tai ilikuwa shingoni, lakini viatu vilikuwa viwili tofauti.

"Bwana Inspekta. Kuna habari?"

"Nina maswali tu, Mwalimu. Nataka mnitembeze ile ngome kama mlivyotembezwa nyinyi."

Wakamtembeza kwa maneno. Mwanzoni kwa unyonge, kisha, kama ilivyo desturi ya watu waliotoka matembezi, wakaanza kukatizana. Mzinga uko langoni, mmoja tu, na kila mtu aliupanda akapigwa picha. Mwongozaji aliwaonyesha matundu ya bunduki na uwanda wote chini, mahali Mjerumani alikuwa akitokea. Akawaambia kwamba mawe ya kuta zile yalipandishwa na wapagazi wa Kariakoo, wale wabeba mizigo wa jeshi la Waingereza, na hapo Mwalimu Njogu alivua kofia, kwa sababu babu yake mmoja alikwenda na wapagazi na hakurudi. Kulikuwa na chumba cha baruti, na popo. Kulikuwa na tangi la maji ya mvua lililochimbwa ardhini nyuma ya ngome, limefunikwa kwa mbao kuukuu, na mwongozaji aliwaonya wasilikanyage.

"Huko nyuma kuna njia?" Mulama aliuliza.

"Kuna kijia cha zamani cha askari," mmoja alisema. "Kinateremka mpaka barabara ya Mombasa. Lakini kimejaa miiba, hakuna aliyepita."

Mulama alikuwa akiangalia nyuso. Kageha aliacha kupapasa mgongo wa Waithera, kisha akaendelea.

"Simiyu alikuwa wapi wakati huo?"

"Alikuwa anatuchekesha," Waithera alijibu bila kuinua kichwa. "Alisimama juu ya mzinga akasema, mimi ni gavana, nileteeni kodi. Halafu mimi nikaumwa na kichwa, jua lile. Nikaenda basini kulala. Nilikuwa kiti cha mbele na baba. Baba alipohesabu niliitika tu, macho nimefumba, nikajilaza hivyo mpaka Athi River. Hata Mtito sikushuka kumtafuta. Nilikuwa nimenuna, ati mbona hakuja kuniuliza kichwa kinaendeleaje."

"Na Mtito nani alimwona akinywa chai?"

Kwaya ilitazamana. Huyu alidhani alikuwa na yule. Yule alidhani alikuwa na huyu.

"Sawa," Mulama alisema. "Basi tumebaki na hesabu ya Mwalimu."

Mwalimu Njogu alijinyoosha. "Na hesabu yangu haijawahi kukosea. Mimi sihesabu vichwa, Bwana Inspekta. Vichwa huhesabu mchunga mbuzi. Mimi nahesabu sauti."

"Nieleze polepole. Mimi shuleni nilikuwa wa kubeba viti vya kwaya."

Mtu mmoja akacheka, akajifunika mdomo. Mwalimu akaeleza. Kila mwimbaji alikuwa amepewa sauti yake moja kwenye ngazi ya muziki. Anaanza Kageha na ile do ya chini kabisa ya wanawake, inapokelewa na re, na mi, hivyo hivyo mpaka inafika kwa Waithera juu. Kutoka hapo wanaume wanaishusha, mmoja mmoja, hadi besi. Ngazi ikipanda na kushuka bila pengo, watu wako. Pengo likitokea, anajua hapohapo ni nani hayupo. Ndivyo walivyoanza kila mazoezi kwa miaka, yeye akiwa amewapa mgongo, macho amefumba.

"Kwa nini uwape mgongo?"

"Macho hudanganya sikio. Na nyuma hakuna ruhusa ya kugeuka wala kuchungulia. Anayechungulia anakosa mlango wake wa kuingia."

"Na kilimani ulifanya hivyohivyo, ndani ya basi, injini ikinguruma?"

"Hivyohivyo. Nilisimama pale mbele nikielekea kioo cha mbele, macho nimefumba. Simiyu ni fa ya kushuka. Niliisikia kwa masikio yangu haya. Nzuri kabisa, hata nikamshukuru Mungu."

"Nifanyieni," Mulama alisema. "Kama siku zote."

"Lakini kuna pengo."

"Nataka kulisikia hilo pengo."

Walijipanga safu mbili. Kageha alikuwa safu ya nyuma, pembeni, karibu na nafasi iliyoachwa wazi mahali pa Simiyu. Mwalimu aligeukia ukuta, akafumba macho, akainua kidole. Mulama hakusimama na Mwalimu. Alikwenda kusimama karibu na mlango wa nyuma, mahali ambapo angeona migongo na mashavu.

Kageha akatoa do yake, nzito, safi. Ngazi ikapanda kwa wanawake mmoja mmoja mpaka kwa Waithera, ambaye sauti yake ilikatika katikati lakini ikafika. Wanaume wakaipokea. Ti. La. So. Kisha kimya. Watu wote waliinamisha vichwa, kama watu waliofika kwenye kaburi.

"Hapo," Mwalimu Njogu aliuambia ukuta. "Hapo ndipo pake."

Mulama alikuwa ameona alichokiona. "Tena, tafadhali."

"Inspekta, watoto hawa wameumia."

"Mara moja tu, Mwalimu. Safari hii msisimame mkifika kwenye pengo. Rukeni."

Waliimba tena. Do, ngazi ikapanda, ikageuka, ikaanza kushuka. Ti. La. Na kabla so haijaisha, kifua cha Kageha kilijaa hewa, midomo ikafunguka, mkono ukapanda wenyewe na kujikunja kando ya mdomo kama wa mtu anayeita kwa mbali. Halafu akajishika. Akaushusha mkono. Hewa ile akaitoa kidogo kidogo kwa pua.

Mulama alisubiri ngazi imalizike.

"Dada Kageha," alisema, "kuna chumba cha kubadilishia majoho hapo. Twende tukaongee kidogo."

Chumba kilikuwa na harufu ya nta na viatu. Mulama alimpa kiti, yeye akakaa juu ya sanduku la vitabu vya nyimbo.

"Wewe ndiye unayeanza ngazi."

"Ndiyo."

"Ukishatoa do yako kazi imekwisha. Unasimama tu, unasikiliza wenzako."

"Ndiyo, Afande."

"Basi ile pumzi ya pili ilikuwa ya nani?"

Kageha aliangalia majoho. Nje mtu alianzisha sala, akaiacha njiani.

"Simiyu hutoka kiwandani amechelewa," Kageha alisema mwishowe. "Mwalimu mtu akichelewa anamsimamisha mbele, anamtukana mpaka kabila. Nikaanza kumwimbia ile fa. Yeye anaingia mlango wa nyuma, anajipanga, Mwalimu akigeuka anamkuta. Ilikuwa mchezo tu. Tulikuwa tunacheka."

"Tangu lini?"

"Tangu zamani. Sasa naivuta pumzi hata nisipotaka."

"Na Jumapili?"

"Jumapili aliniomba."

"Alikuomba nini?"

"Alinivuta kando pale kwenye chumba cha baruti. Akasema harusi imemkaba kama tai ya kuazima. Akasema hawezi, na hawezi kumwambia Mwalimu, na hawezi kumwangalia Waithera akimwambia. Angeteremka kile kijia cha nyuma mpaka barabarani, adandie gari la Mombasa, ana binamu huko bandarini. Akasema, wewe nipe fa moja tu, Kageha, mpaka basi lifike chini. Wakijua wakiwa mbali hawatageuza."

"Ukampa."

"Nilikuwa kiti cha mwisho, karibu na kile chake. Nikaweka ngoma pale ili pasionekane pako wazi. Nikamwimbia." Sauti yake nzito ilishuka zaidi. "Niliona ni afadhali amwache sasa kuliko amwache na mtoto."

"Na tulipoanza kumtafuta Mtito?"

"Nilinyamaza. Nilijua hayupo huko. Nikasema wakimtafuta asikokuwa, atapata nafasi ya kufika."

"Alisema atakuarifu?"

"Angenipigia simu kazini Jumatatu asubuhi."

"Akapiga?"

"Hapana."

"Ukafikiria nini?"

"Nikafikiria ni ule uhuni wake."

"Na leo?"

"Leo sikwenda kazini," Kageha alisema. "Niliogopa kukaa karibu na simu ikinyamaza."

Mulama alikuwa ameshasimama. Kama Simiyu alifuata kijia kile, alipita nyuma ya ngome. Nyuma ya ngome kulikuwa na tangi na mbao zilizooza, na mtu wa ukubwa wa kabati aliyekuwa akikimbia huku anaangalia nyuma. Barabarani hakufika, na kule juu hakuna aliyekwenda kutazama, kwa sababu hesabu ilisema alishateremka.

"Twende kituoni. Haraka."

Ukumbini Waithera alisimama alipowaona. "Mnampeleka wapi?"

"Ataandikisha maneno kidogo."

"Basi na mimi nakuja. Nimemlilia mapajani tangu jana, hata leso yake imeoza. Hawezi kwenda peke yake mahali kama huko." Akamshika Kageha mkono. Kageha akaushika ule mkono kwa sababu hakujua namna ya kuuacha.

Mwalimu Njogu alimfuata Inspekta mpaka kwenye Land Rover. Alizungumza chini chini. "Niliisikia, Bwana Inspekta. Ile fa. Nimeisikia."

"Uliisikia, Mwalimu. Iliimbwa na Kageha."

Mzee alisimama pale kwenye vumbi na viatu vyake viwili tofauti. "Ngai," alisema, akimwita Mungu. Akaliziba sikio moja kwa kiganja, taratibu, kama mtu anayefunga duka.

Nzembi alikuwa bado mezani. Mulama alimnyang'anya simu ya upepo na kupiga mwenyewe. Sauti ya Voi ilikuja na kwikwi. Ndiyo, kuna askari katika kijiji kilicho chini ya Kilima Bendera. Ndiyo, ana baiskeli. Hapana, hakuna aliyemwambia apande, si mtu alipotelea Mtito?

"Mwambieni aende nyuma ya ngome, kwenye tangi. Achukue watu na kamba. Na maji."

Wakangoja. Waithera alikaa kwenye benchi la korido, nje ya mlango. Ndani, Kageha aliandikisha maelezo yake na Nzembi akayaandika bila kuinua uso. Mulama alikwenda kwenye seli, akafungua mlango kwa mkono wake mwenyewe.

"Mzee Magan, uko huru. Hakupotelea Mtito. Hukumwacha wewe."

Magan alichukua viatu vyake, akavikung'uta. "Kijana amepatikana?"

"Wanatafuta."

"Nitakaa nje nisubiri."

"Unaweza kwenda nyumbani, mzee. Kwa kweli nakuomba radhi."

"Radhi baadaye, Afande. Mimi ndiye nilimpandisha ule mlima. Nikiwa na abiria, nataka kujua amefika." Akapita, akaenda kuketi kwenye ngazi za kituo, juani.

Jua lilikuwa limeanza kushuka upande wa mji simu ilipokwaruza. Mulama alisikiliza, akasema ndiyo, akasema tena ndiyo. Akaiweka chini kwa uangalifu.

"Yuko hai," alisema. "Alianguka tangini. Mguu umevunjika mahali pawili, ana homa, amekuwa akinyonya tope. Sauti imemkauka kabisa kwa kuita. Daktari wa huko anasema angelala hapo usiku mmoja zaidi, wangeleta jeneza badala ya kamba."

Nzembi alitoka mbio kwenda kuwaambia waliokuwa nje. Kilio cha Waithera kilisikika koridoni, kilio cha furaha, na sauti ya Magan ikimshukuru Mungu kwa Kisomali.

Kageha hakutikisika kitini. "Nifunge, Afande."

"Kwa kosa gani?"

"Andika lolote. Nilidanganya polisi."

Mulama alivuta yale maelezo, akayasoma yote, akarudi mwanzo. "Jana niliposimama mbele yenu nilimuuliza Mwalimu, na Mwalimu akajibu. Wewe sikukuuliza. Sikumuuliza mtu mwingine yeyote. Dereva aliniambia bila kuulizwa na sikumsikiliza. Nikikufunga wewe kwa kunyamaza, itabidi tukae wote humo."

"Nifunge usiku mmoja tu."

"Nenda nyumbani, dada."

"Nyumbani ni kwao," Kageha alisema. "Buruburu. Mimi nimepanga chumba cha nyuma. Asubuhi tunachota maji mfereji mmoja."

Mulama alikwenda akafungua mlango, wakatoka koridoni.

Waithera alikuwa amesimama, uso umelowa, kitambaa kimemtoka kichwani. Alimrukia Kageha akamkumbatia, akamtikisa kama mtu anayetikisa mti wa mapera.

"Yuko hai! Kageha, yuko hai! Kumbe hata basi hakupanda, masikini, alibaki kule kule peke yake!" Alijitenga kidogo ili amwone vizuri, mikono bado mabegani mwake. "Nzembi anasema ni wewe. Ati bila maneno yako wasingejua pa kutafuta. Ni wewe umemwokoa." Alicheka katikati ya machozi. "Lakini hebu niambie. Ulijuaje?"

Kageha alimtazama Mulama juu ya bega la Waithera.

Mulama, ambaye alilipwa mshahara kusikiliza majibu, alirudi ndani akauvuta mlango polepole mpaka ukafunga.